Somo: Kufuatilia wamiliki wa mchoro kupitia nyaraka za National Gallery, jumba la sanaa la London

Mfano wetu ni mchoro wa Lucas Cranach Mzee, mchoraji wa Kijerumani: Cupid, mungu mtoto wa mapenzi, kashika sega la asali, nyuki wanamuuma, naye anamlalamikia mama yake, Venus.

Hatua ya 1. Anza na namba ya mchoro. Jina hubadilika kila katalogi, namba haibadiliki. Huu ni NG6344.

Hatua ya 2. Omba miadi kwa mtunza nyaraka, utaje namba na miaka unayoitafuta. Nyaraka hizi ni za umma kisheria, kwa hiyo huombi fadhila. Beba penseli.

Hatua ya 3. Soma kwanza kumbukumbu za vikao vya wadhamini, kisha jalada la mchoro. Tafuta picha za mgongo wake. Huko ndiko kwenye utamu: lebo zilizochakaa, mihuri, namba zilizopigwa na nyumba za mnada kama Christie's.

Hatua ya 4. Panga miaka kwa mfuatano, na penye pengo paache wazi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. NG6344 uliuzwa mnadani Berlin 1909. Mwaka 1963 National Gallery ikaununua New York. Katikati je? Albamu ya picha za mkusanyo binafsi wa Hitler, iliyopo Maktaba ya Bunge la Marekani, inauonyesha. Mwaka 1945 mwandishi wa habari Patricia Lochridge aliruhusiwa na wanajeshi wa Marekani kuuchukua kutoka ghala moja Ujerumani. Lakini Hitler aliupata kwa nani? Tafadhali usijazie hapo “huenda”. Ikiwa kuna familia iliyonyang'anywa, neno hilo linaifungia mlango.

MASWALI YA WANACHAMA

Niko Mwanza, siwezi kusafiri. Nifanyeje?
Anza na ukurasa wa mchoro kwenye tovuti ya National Gallery, usome historia ya umiliki, ndipo uwaandikie barua pepe.

Pengo maana yake mchoro uliibwa?
Hapana. Karatasi huungua, maduka ya sanaa hufungwa. Ila pengo la 1933 hadi 1945 barani Ulaya, enzi za utawala wa Hitler, lifuatilie kwa bidii zaidi. Jumba lenyewe limechapisha orodha ya michoro yake yenye pengo hilo.

Naweza kutumia njia hii kwa mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, huko Nairobi?
Ndiyo. Nenda Kenya National Archives, Moi Avenue, kisha Nairobi Gallery, maana mkusanyo wake umegawanyika.