Kubuni Makumbusho ya Majengo Lamu: Anza na Boriti

Anayetaka kubuni makumbusho yatakayounganisha majengo ya kale na ya sasa ya mji wa Lamu asianze kwa kuchora sura ya mbele ya jengo. Achukue utepe wa kupimia, atoke mtaa wa Mkomani kwenye nyumba za mawe, aifuate Njia Kuu hadi mtaa wa Langoni, na katika kila nyumba atakayokaribishwa apime upana wa vyumba. Ataona kwamba katika nyumba za kale chumba huwa kirefu lakini chembamba, kwa kawaida kisichozidi mita tatu hivi, kwa sababu dari yake nzito ya matumbawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, ambazo zikitandazwa mbali zaidi hupinda. Katika nyumba za matofali ya simiti na vyuma, kipimo hicho kimeachwa.

Badiliko hilo la upana ndilo la kuonyeshwa, na mgeni aweze kulihisi kwa mwili wake kabla ya kulisoma ubaoni. Kwa hiyo vyumba vya mwanzo vifuate kipimo cha boriti, na ukumbi wa mwisho, unaohusu ujenzi wa sasa, uwe mpana na wa zege. Mlangoni pawe na daka, yaani ukumbi mdogo wa nje, lenye baraza, ambapo mpita njia anaweza kuketi bila kudaiwa tiketi. Njia ya kuingilia ipindwe, kama inavyopindwa majumbani kwa ajili ya stara, ndipo mgeni afike kwenye kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, kisha msana, ukumbi mrefu unaoelekea ua huo, kisha ndani, chumba cha faragha cha nyuma yake. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zitumike kuweka vyombo vidogo. Sioni haja ya kujaza masanduku ya vioo mahali ambapo ukuta wenyewe ulikwisha kutengenezewa kazi hiyo.

Panapo ukuta wa kale, mwashi autengeneze kwa chokaa. Simiti ni ngumu kuliko matumbawe na huzuia unyevu kutoka, hivyo chumvi hujikusanya ndani na lipu hubanduka. Jengo jipya lisimame kwa msingi wake lenyewe, lisiegemezwe kwenye la kale, na kiungo kati yao kiwe wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Lamu ina njia hiyo ya kuunganisha majengo tangu zamani, na kuagiza daraja la kioo kutoka kwingine ni kujitia umaskini.

Kwa kuwa Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, taasisi ya serikali inayotunza urithi, yahusishwe tangu mchoro wa kwanza. Mbunifu azuru pia Ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa gereza, na sasa ni makumbusho: hapo ataona jinsi jengo linavyoweza kubadilishwa kazi bila kubomolewa.

Jambo la mwisho husahauliwa na wabunifu wanaochorea mbali. Vifaa hushushwa pwani na kupandishwa mjini kwa punda, na vichochoro vina kona kali, kwa hiyo kila nguzo, kioo na chuma kipimwe kwanza kwenye kona iliyo nyembamba kuliko zote njiani, na kisichopita kigawanywe vipande tangu kwenye mchoro.