Mvinyo mwekundu na samaki wa Ziwa: tafuta zabibu zisizovuma

Hapa Mwanza mvinyo mwekundu ukitajwa, watu huwaza nyama. Samaki anapewa bia, au soda. Mimi nahudumia mezani kwenye mgahawa wa Capri Point, na mgeni akiagiza sangara wa kuchoma huwa namshauri ajaribu glasi ya mwekundu. Ila siyo mwekundu wowote.

Adui wa samaki ni ukakasi, ule wa pera bichi unaokausha ulimi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo wa zabibu ya Cabernet Sauvignon unao mwingi, nami siupeleki kwenye meza yenye sato hata kama ndio jina ambalo kila mtu analijua. Mvinyo wenye madini mengi ya chuma una ubaya wake pia: ukikutana na mafuta ya samaki, unaacha shombo mdomoni.

Kwa hiyo dukani usianze na bei, soma jina la zabibu. Kwa samaki tafuta Cinsaut ya Afrika Kusini. Kwa miaka mingi zabibu hii ilimezwa kwenye michanganyiko bila kutajwa. Sasa watengenezaji wanaiandika mbele ya chupa, hasa inayotoka kwenye mizabibu mizee. Ni nyepesi, ina harufu ya matunda mekundu, na ukakasi wake ni mdogo. Ukiikosa, chukua Gamay ya Ufaransa. Hiyo mara nyingi lebo yake imeandikwa Beaujolais tu, jina la eneo inakolimwa.

Halafu poza. Hapa ndipo mvinyo mwekundu unapoharibiwa sana jijini kwetu. Ile kanuni ya kuunywa kwa joto la chumba ilitoka kwenye nyumba baridi za Ulaya. Chumba cha Mwanza mchana kinapita nyuzi 25, na mvinyo wa joto hilo unanuka kileo tupu. Weka chupa kwenye friji kama saa moja na nusu. Ukiwa ufukweni na deli, changanya barafu na maji, siyo barafu peke yake, kwa sababu maji yanaishika chupa pande zote. Robo saa inatosha. Lenga nyuzi 13 au 14. Ukizidisha baridi, harufu inajificha na ukakasi unapanda.

Sangara namtaka wa kuchoma, mnofu mnene uliopata moshi. Sato wa kukaanga naye anafaa, na rosti ya nyanya inaupenda mvinyo wenye uchachu kidogo. Pilipili iwekwe pembeni, maana kileo huiongezea ukali. Dagaa waachie bia. Sijaona mwekundu unaowafaa.

Ikiwa ni nyama choma, uwanja unapanuka. Zabibu ya Pinotage ilizaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, mtaalamu wa zabibu Abraham Perold alipopandanisha Pinot Noir na Cinsaut, na baadhi ya mvinyo wake una harufu ya moshi inayokwenda vizuri na mkaa. Tannat ya Uruguay ni kali sana ikinywewa peke yake, lakini mafuta ya mbavu huilainisha. Carménère ya Chile nayo ilidhaniwa kuwa zabibu nyingine, Merlot, hadi 1994, mtaalamu wa zabibu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua shambani.

Wapo wanaoniambia hizi ni zabibu za mtindo wa kupita. Mimi sikubali. Hata Bordeaux ya Ufaransa, ngome ya Cabernet na Merlot, mwaka 2021 iliruhusiwa kulima zabibu nyekundu nne mpya, zikiwemo Marselan na Touriga Nacional ya Ureno, kwa sababu joto linaongezeka. Na sisi tunayo zabibu yetu, Makutupora ya Dodoma, mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Ninapenda sana kuiona mezani. Unaponunua, uliza kama ni mkavu au mtamu: mtamu ni wa kunywa baada ya chakula, mkavu ndio upozwe kwa ajili ya samaki.

Mimina nusu glasi tu, onja kabla ya kula, kisha onja tena ukishameza tonge la samaki. Ladha ikibaki nzuri mdomoni, umepata. Chupa isipoisha, irudishie kizibo, iweke kwenye friji, na uimalize ndani ya siku tatu.