Saa inasema 174, vidole vinasema 136: jinsi ya kupiga mazoezi makali na saa janja bila kudanganywa

Siku moja nilikuwa najikimbilia zangu Coco Beach, mwendo wa kistaarabu kabisa, ule ambao unaweza kupiga stori na mtu pembeni, nikatupia jicho saa nikakuta imeandika 174. Nikasimama. Nikaweka vidole viwili shingoni nikahesabu mapigo kwa sekunde 15, nikapata 34, zidisha mara 4 ni 136. Sasa ile 174 ilitoka wapi? Ilitoka miguuni jamani! Mkimbiaji wa kawaida anapiga hatua kama 160 mpaka 180 kwa dakika, mkono nao unatikisika kwa mdundo huohuo, saa ikipotea inashika mdundo wa hatua na kukuandikia kama ndo moyo.

Iko hivi. Vile vitaa vya kijani nyuma ya saa vinamulika ngozi, na damu inafyonza sana mwanga wa kijani, kwahiyo kila moyo ukisukuma, damu inajaa kidogo kwenye vimishipa vya mkononi na mwanga unaorudi kwenye sensa unapungua, saa inahesabu huko kupungua. Ukiwa umekaa inafanya kazi vizuri tu, ila ukianza kurukaruka, kupiga push-up, kukunja kifundo cha mkono, mkanda umelegea na jasho linatiririka, hapo inasoma takataka. Afu kuna kuchelewa, kwasababu inachukua wastani wa sekunde kadhaa ndo ikupe namba.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabla ya yote, jifunze kupima kwa vidole. Kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba au shingoni pembeni ya koromeo, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4. Fanya hivyo ukiwa umekaa, afu ukiwa umetoka kupanda ngazi, linganisha na saa yako. Zikitofautiana mapigo mawili matatu sio kesi. Zikitofautiana 30, ndo umejua una saa ya aina gani, na usiniulize bei uliyonunulia Kariakoo.

Pili ni kuvaa. Wengi tunavaa kama bangili, inacheza. Wakati wa mazoezi ipandishe juu ya ule mfupa wa kifundo cha mkono, kama upana wa vidole viwili, ikaze isiteleze lakini isikuzuie damu, ukimaliza ilegeze. Fanya dakika 10 za kupasha mwili kabla, damu ikishafika vizuri mikononi saa inasoma vizuri zaidi. Kama una tattoo pale, hamia mkono mwingine, wino unazuia mwanga. Na ukiwa serious kabisa tafuta mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe, hauhangaiki na mwanga. Kampuni ya Polar ya Finland walianza kuuza wa wireless tangu 1982, kwahiyo hii ni teknolojia ya zamani tu na mpaka leo kwa mazoezi makali inazishinda saa za mkononi.

Sasa mazoezi yenyewe. Watu wengi wakisikia HIIT, yaani mazoezi makali ya vipindi vifupi na mapumziko katikati, wanakimbilia Tabata, sekunde 20 unajiua, 10 unapumzika, mara 8, dakika 4 kwisha. Ni zoezi halali, limetokana na kazi ya Izumi Tabata wa Japani iliyochapishwa 1996, japo wale walikuwa juu ya baiskeli za maabara wanakanyaga kwa nguvu ya kutisha, sio burpee za sebuleni. Ila kwa saa ya mkononi Tabata ni kujisumbua. Sekunde 20 hazitoshi, moyo wenyewe unachelewa kupanda, saa nayo inachelewa nyuma ya moyo, mpaka namba ije wewe ushafika raundi nyingine. Ukipenda Tabata, saa itumie kama kengele tu, ukali upime kwa pumzi: ukiweza kutamka sentensi nzima, bado hujafika.

Mi nakushauri zoezi la Wanorwei, la pale chuo kikuu cha Trondheim, wanaita 4x4. Dakika 4 kali, dakika 3 taratibu, mara 4. Dakika 4 zinatosha saa kumfikia moyo.

Kwanza tafuta kiwango chako cha juu cha mapigo. Ile hesabu ya 220 toa umri kila mtu anaijua, ila iliyo nzuri zaidi ni 208 toa (0.7 zidisha umri). Mtu wa miaka 38: 0.7 mara 38 ni 26.6, inabaki kama 181. Zile dakika 4 kali unatakiwa uwe asilimia 85 mpaka 95, yaani 154 mpaka 172, na zile 3 za taratibu ushuke karibu 127. Hayo ni makadirio tu, kuna mtu anazidi au kupungua mapigo 10 au zaidi na mzima wa afya, kwahiyo ukiona namba inakataa na pumzi inakubali, fuata pumzi. Usitegemee kufika 154 dakika ya kwanza, ukilazimisha utakata moto raundi ya pili. Anza kwa nguvu ya wastani, ifikie kwenye dakika ya pili hivi.

Mi nafanya maji yakiwa yamekupwa, mchanga umeshikana vizuri, saa 12 asubuhi. Joto la Dar likishapanda mapigo yanakuwa juu kwa mwendo uleule kwasababu moyo unasukuma damu kwenye ngozi kupoza mwili, sasa usijidanganye kwamba leo umepiga kazi kweli, ni jua tu. Mara mbili kwa wiki inatosha, siku nyingine tembea au kimbia taratibu.

Namba tamu zaidi wala sio ile ya juu, ni ile ya kushuka. Ukimaliza raundi ya mwisho angalia saa, tembea polepole dakika 1 kamili, angalia tena. Hapo mkono umetulia kwahiyo saa inasoma vizuri. Utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine mwaka 1999 ulikuta wagonjwa ambao mapigo yao yalishuka 12 tu au pungufu kwenye dakika ile ya kwanza walikuwa na hatari kubwa ya kufa miaka iliyofuata. Ukiona za kwako zinashuka 15, afu miezi miwili baadae 25, huko ndo kukaza mwili. Andika kwenye daftari, apu zenyewe zinaificha hii namba ndani huko.

Nyingine ni mapigo ya asubuhi kabla hujatoka kitandani. Mi kawaida 58. Kuna asubuhi ilisoma 71 na nilikuwa najisikia fresh tu, nikaahirisha 4x4, kesho yake homa hiyo. Saa haipimi malaria, ila ikiwa juu mapigo 8 au 10 kuliko kawaida yako, siku hiyo tembea.

Kalori achana nazo. Chuo kikuu cha Stanford walipima saa na vifaa vya mkononi 7 mwaka 2017, kilichokuwa bora kwenye kalori kilikosea wastani wa asilimia 27, kibovu 93, sa we endelea kula chipsi mayai kwasababu saa imesema umechoma 600. Kipimo cha sukari ya damu ndo usikiamini kabisa: saa inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi ni uongo, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo Februari 2024.

Kama unatumia dawa za presha za aina ya atenolol au propranolol, hesabu zote za juu hazikuhusu, zile dawa zinabana mapigo yasipande, muulize daktari wako kwanza. Na kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama hata kama saa inaonyesha 120.

Mwisho, osha mkanda wa saa kwa maji baridi kila ukimaliza, chumvi ya jasho na ya bahari ikikaukia pale unapata vipele vya kuwasha wiki nzima, na kile kioo cha sensa kikiwa na ukungu wa jasho namba zinaanza kucheza upya.