Somo: Kuutambua upanga wa afisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, muundo wa 1827

Wengi huanza na mpini kwa sababu ndipo penye mng'ao. Naomba tuanze na chuma.

Hatua ya 1. Uchomoe polepole, utazame mgongo wa ubapa. Ukiwa mviringo kama ufito, ni muundo wa kabla ya 1846. Mwaka huo ulikuja ubapa wa mgongo bapa wenye mfereji mpana ubavuni. Maafisa walijinunulia panga zao, kwa hiyo wapo waliobaki na za zamani.

Hatua ya 2. Tafuta namba mgongoni, karibu na mpini. Wilkinson, watengenezaji wa panga wa London, walianza kuzipa panga zao namba mwaka 1854, na vitabu vyao vimehifadhiwa. Namba ikisomeka, mwaka unapatikana, pengine hata jina la aliyeununua. Ndiyo maana huniuma sana nikikuta mgongo umesuguliwa kwa msasa.

Hatua ya 3. Kwenye kinga ya mkono kuna nanga iliyozongwa kamba, juu yake taji. Matao ya taji yakiwa yamebonyea katikati, kwa kawaida ni enzi ya Victoria au Elizabeth II. Yakiwa mviringo, kwa kawaida ni ya wafalme waliotawala kati yao, au ya Charles III aliyefuata. Malkia hao wawili utawatenganisha kwa herufi za ubapani: VR au EIIR.

Hatua ya 4. Kinga ina kibati kinachokunjika, chenye tundu la kunasa kwenye kifundo cha ala. Kisiponasa, ala si yake. Upanga wangu wa kwanza niliununua bila kujaribu hilo, nikalipia ala ya upanga mwingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu hauna kichwa cha simba na ngozi ya mpini ni nyeusi, si nyeupe. Ni bandia?*

Si lazima, ndugu yangu. Karne ya 19 maafisa wa waranti, walio chini ya maafisa wenye kamisheni, walivaa hivyo. Rudi kwenye ubapa.

*Mabaharia wa kawaida nao walikuwa nazo?*

Hapana. Wao walipewa panga za meli, mali ya serikali. Ule wa 1804 una mpini wa chuma na kinga ya visahani viwili.

*Dhahabu imefifia. Niipake dawa ya kung'arisha shaba?*

Usithubutu, dada. Ni utando mwembamba, ukiisha haurudi. Kutu ya ubapa itoe kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, siku hata kumi. Ala ya ngozi ihifadhi kando, maana hushika unyevu, na sisi wa pwani tunaujua.