Somo: Kubadilisha kompresa ya AC kwenye Impreza WRX/STI, na kwa nini mpya inakufa mapema

Wakuu salama? Leo naongelea Subaru Impreza WRX na STI za 2000 hadi 2007, zile za injini ya EJ20 yenye turbo. Naona watu wanabadilisha kompresa ya AC, wanapata baridi wiki mbili tatu halafu inakufa tena, lawama zote zinaenda kwa aliyewauzia spea. Feki zipo kweli, ila mara nyingi mpya inauliwa na uchafu ulioachwa na ile ya zamani. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, fundi alitoa ya zamani akafunga mpya akajaza gesi, saa moja na nusu kazi imeisha, nikawa naendesha Tegeta hadi Posta na baridi safi kabisa. Wiki ya tatu nikiwa kwenye foleni ya Bagamoyo Road ikajam, mkanda ukaanza kunuka mpira ulioungua. Tulipofungua paipu nikapitisha tishu nyeupe mle ndani, oili ikatoka ya kijivu na inameta kama magamba ya dagaa. Hizo ni chenga za chuma za kompresa ya kwanza, zilikuwa bado zinazunguka kwenye mfumo na ndizo zilizokula ya pili.

Hakikisha kwanza ni kompresa kweli

Washa gari, AC iwe imezimwa, sikiliza. Kama inalia hata AC ikiwa off, hiyo mara nyingi ni beringi ya puli, inabadilishwa peke yake wala huhitaji kumwaga gesi kama una nafasi ya kuingiza mkono. Kama inalia pale tu klachi ya kompresa (ile inayoiunganisha na puli) inaposhika, ubovu uko ndani. Kama klachi haishiki kabisa usikimbilie kununua chochote, pima gesi kwanza maana gesi ikiisha swichi ya presha inazuia klachi isishike, halafu angalia fyuzi, relei, na koili ya klachi kwa mita. Funga geji zote mbili, ya presha ndogo (upande wa chini) na ya presha kubwa (upande wa juu): kompresa iliyochoka inaonyesha upande wa chini presha iko juu na upande wa juu presha iko chini, zinakaribiana, na ukipiga resi hazibadiliki sana.

Kutoa gesi

Tumia mashine ya kunyonya gesi. Najua wengi wanalegeza nati inapiga fyuuu hewani mpaka iishe, acheni jamani. R134a, yaani gesi ya AC, ikikupata jichoni inagandisha, na kilo moja ikienda angani inapasha joto dunia kama kilo 1,430 za kabonidayoksaidi, ndiyo maana gesi hizi ziliingizwa kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016. Tena fundi akinyonya na mashine unajua kulikuwa na gramu ngapi, hivyo unajua kama gari ilikuwa inavuja.

Kuifungua

Hapa Subaru ametuonea huruma, kompresa iko juu kabisa. Ukisimama mbele ya gari ukiangalia injini, alteneta iko katikati, kompresa iko mkono wako wa kulia. Toa terminali ya nega ya betri, toa kava la mikanda, legeza na utoe mkanda wa alteneta kwanza kwa sababu ndio uko mbele, halafu legeza puli ya kukazia ya mkanda wa AC nao utoke. Chomoa soketi ya waya wa klachi. Fungua paipu mbili na HAPO HAPO ziba midomo yote kwa plastiki na tepu, oili ya PAG (oili ya kompresa) inanyonya unyevu wa hewani na kwa hewa ya pwani yetu kuacha paipu wazi usiku kucha ni kuharibu kazi. Mwisho toa bolti za kompresa, inua taratibu maana ina uzito.

Sasa mwaga oili ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cha vipimo. Usiharakishe hapa. Angalia rangi, angalia kiasi. Ikiwa safi na imepungua tu, ulikuwa na uvujaji. Ikiwa nyeusi au inameta, basi orodha yako ya manunuzi imeongezeka: kondensa mpya (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), draya mpya (chujio linalonyonya unyevu), ekspansheni vavu mpya (inayopunguza presha kabla ya evaporeta), na paipu pamoja na evaporeta (inayopoza hewa ya ndani) zioshwe kwa dawa ya kuflashi na kukaushwa kwa naitrojeni. Kondensa za kisasa zina vinjia vyembamba vingi vilivyolala sambamba, dawa inapita penye njia nyeupe na chenga zinabaki palipoziba, kwa hiyo kuiosha ni kujidanganya. Draya badilisha kila unapofungua mfumo, hata oili ikiwa safi. Ekspansheni vavu iko kwenye evaporeta nyuma ya droo ya deshibodi, inachosha kuifikia lakini ifikie.

Kufunga mpya

Soma lebo ya kompresa inataka oili gani, usichanganye. Nyingine zinakuja na oili ya mfumo mzima na nyingine zinakuja tupu, mwaga upime. Mfumo ukiwa haujaoshwa weka kiasi kile kile ulichomwaga kwenye ya zamani, ongeza kidogo cha draya, ukiwa umeuosha wote weka kiasi kamili cha kitabu. Zungusha klachi kwa mkono mizunguko kama kumi kabla ya kufunga mkanda ili oili isijikusanye sehemu moja ikavunja vavu. Oringi zote mpya, zipake oili ile ile, usitumie grisi. Bolti za paipu zinaingia kwenye alumini, ukikaza kwa hasira nyuzi zinatoka.

Jaribu uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni. Kamwe usitumie oksijeni ya kuchomelea, ikikutana na oili kwa presha inalipuka. Halafu vuta vakyumu (nyonya hewa yote kwa pampu) dakika 45, funga geji, subiri nusu saa uone kama mshale unarudi. Jaza gesi kwa mizani kulingana na stika ya kwenye boneti, usijaze kwa kuhisi ubaridi wa paipu. Ukijazia injini ikiwa inawaka tumia upande wa presha ndogo tu. Dakika kumi za kwanza iache sailensa tu (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), usipige resi.

Na hili ni la wenye STI: injini inafika RPM 8,000. Usiwashe AC ukiwa juu huko, klachi inashika kwa kishindo na sahani inaungua. Washa AC gari ikiwa imetulia.

MASWALI

Swali (Nairobi): Boss asante kwa somo. Mimi vakyumu yangu inafika inchi 24 za zebaki hivi inakwama, na wewe wa Dar husema 29. Pampu imeharibika ama kuna leak?

Jibu: Pampu yako nzima kaka. Geji inalinganisha na hewa ya nje, na Nairobi mko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo 24 kwenu ndiyo karibu mwisho. Hata Mbeya ni hivyo hivyo. Cha kuangalia ni kama mshale unakaa palepale ukifunga.

Swali (Dodoma): Mkuu nimefunga intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele, AC inapoa nikitembea, nikisimama taa nyekundu inatoa joto. Kompresa imechoka?

Jibu: Angalia feni kwanza mkuu. Watu wakifunga intakula ya mbele hewa ya kondensa inapungua, na wengine wanatoa feni moja kupata nafasi. Mwagia kondensa maji gari ikiwa imesimama, baridi ikirudi basi kompresa haina kosa, rudisha feni zote mbili na hakikisha zinawaka AC ikiwa on.

Swali (Tanga): Kaka used ya Japani vipi? Mpya bei imenishinda.

Jibu: Inafaa ukichagua vizuri ndugu yangu. Usichukue iliyokaa stoo midomo ikiwa wazi. Zungusha sahani ya mbele kwa mkono, iende nzito kidogo lakini laini, isikwaruze. Halafu nenda na tishu nyeupe, igeuze kompresa udondoshe tone la oili hapo dukani. Ikimeta irudishe kwenye shelfu, hata akikupunguzia nusu bei.