Kubadilisha programu dhibiti ya ESC bila kuunguza ubao

ESC ni kifaa kinachoendesha mota ya droni na kudhibiti kasi yake. Wanapobadilisha programu yake, wengi huogopa umeme kukatika katikati ya kazi. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. ESC ikikatishwa njiani hubaki na butiloda yake, ile programu ndogo ya kuamsha chipu, na unaweza kuanza upya. Kinachounguza ESC ni kupakia programu iliyoandikwa kwa ajili ya ubao mwingine. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye jina la ubao kuliko kwenye vitufe vya kubofya.

Tuchukue kazi ya kawaida: droni ya mota nne, mapanga ya inchi 5, ubao mmoja wenye ESC nne zinazotumia programu ya BLHeli_S, nasi tunataka kuweka programu ya Bluejay badala yake, ili ubao wa kurukia (ule unaoongoza droni) upate kasi halisi ya kila mota.

Ng'oa mapanga yote manne kabla ya kitu kingine. Kulegeza nati hakutoshi, yatoe kabisa uyaweke mbali na meza. Kisha chomoa kirusha picha (VTX, kinachotuma picha za kamera), kwa sababu kikikaa mezani bila upepo hupata joto kali, na kikiwashwa bila antena huweza kufa.

Andaa betri iliyojaa, waya wa USB unaopitisha data (nyingi za simu ni za kuchajia tu), na kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha. Halafu nunua balbu ya indiketa ya lori, volti 24 wati 21, kwenye duka lolote la vipuri. Ilehemu katikati ya waya chanya wa kiungio cha betri, yaani umeme wote upite ndani ya balbu kabla ya kufika kwenye droni. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu na kuzuia mkondo usizidi takriban ampea moja, badala ya betri kumwaga makumi ya ampea kwenye transista. Balbu ya gari dogo ya volti 12 haifai kwa betri ya seli 6, maana ikijaa ina volti 25.2.

Funga kwanza Betaflight Configurator, programu ya kompyuta ya kupangia ubao wa kurukia. Programu mbili haziwezi kushika mlango mmoja wa USB kwa wakati mmoja, na hii ndiyo sababu ya kawaida ya "haisomi". Fungua esc-configurator.com kwenye Chrome, chomeka USB, kisha chomeka betri kupitia balbu. USB peke yake huwasha ubao wa kurukia tu; ESC hula umeme wa betri. Balbu itamulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa. Shoti hiyo ilikuwepo tangu kabla hujaanza.

Chagua mlango, unganisha, bofya "Read Settings". Zionekane ESC zote nne. Sasa shika kalamu.

Kwa kila ESC utaona jina kama G-H-30. Liandike kwenye karatasi, pamoja na toleo (BLHeli_S nyingi huwa 16.7) na mwelekeo wa mota. Herufi ya kwanza ni mpangilio wa pini, yaani pini ipi ya chipu imeunganishwa na transista ipi. Ya pili ni aina ya chipu: L ni ile ya zamani na ya polepole, H ni ya kasi mara mbili yake. Namba ya mwisho ndiyo inayodharauliwa sana, nayo ndiyo yenye hatari ya kimyakimya.

Kila waya kati ya mitatu inayokwenda kwenye mota una transista ya juu na ya chini. Ya juu huunganisha waya na chanya ya betri, ya chini na hasi. Zikifunguka zote mbili kwa pamoja, yaani zikipitisha umeme, hata kwa muda mfupi mno, betri inakuwa imepigwa shoti ndani ya ubao. Ndiyo maana programu huacha nafasi ndogo kati ya kufunga moja na kufungua nyingine. Kwenye chipu ya H kila kipimo kimoja ni kama nanosekunde 20, hivyo 30 ni takriban nanosekunde 600. Mtengenezaji ameichagua kulingana na wepesi wa transista alizotumia. Ukiweka G-H-05 kwenye ubao wa G-H-30, ESC italia vizuri, itasomeka vizuri, na mota itazunguka. Transista zitapata joto kila zinapobadilishana, na moshi unaweza kutoka hewani badala ya mezani. Namba ikizidi haileti shoti, ila ESC hupoteza nishati kwa joto na mota hukosa ulaini kwenye kasi ndogo. Herufi ya kwanza ikikosewa, shoti huweza kutokea mota inapojaribu tu kuanza.

Basi ukibofya "Flash All", chagua Bluejay na ukague kwamba jina lililojichagua ni lile lile la kwenye karatasi. Usiweke alama kwenye chaguo la kupuuza mpangilio wa ubao. Matoleo mengine huuliza masafa ya PWM, yaani mara ngapi kwa sekunde transista huwashwa na kuzimwa: kHz 48 yanafaa kwa droni nyingi za inchi 5, kHz 24 huipa mota breki yenye nguvu zaidi. Anza, na usiguse waya wowote mpaka zote nne ziishe.

Moja ikikwama, usichomoe betri kwa haraka. Jaribu kwanza kuipakia hiyo peke yake. Ukurasa ukiganda, chomoa USB na betri, subiri sekunde 10, uunganishe upya. ESC hiyo inaweza kukaa kimya kabisa bila mlio, lakini butiloda bado hujibu. Hapo jina huenda lisisomeke na utaambiwa ulichague mwenyewe. Karatasi yako ndiyo itakayojibu. Ubahatishaji wa hatua hii ndio unaoua ESC nyingi zilizokuwa bado nzima.

Ikiwa ESC zako zinatumia BLHeli_32, programu tofauti na BLHeli_S, njia hii si yake. Utengenezaji wake ulisimama mwaka 2024, na chipu zake zimefungwa: kuhamia AM32, programu nyingine ya ESC, kunahitaji kifaa cha kuandikia chipu kiitwacho ST-Link na kulehemu nyaya kwenye vidoa vidogo vya ubao. Kama inaruka vizuri, iache.

Baada ya kupakia, iwashe upya, bado kupitia balbu. Kwenye Betaflight washa DShot ya pande mbili (DShot ni lugha ya mawasiliano kati ya ubao wa kurukia na ESC), chagua DShot300, na uandike idadi ya sumaku za mota. Zihesabu kwa macho ndani ya kikombe cha mota: nyingi za inchi 5 zina 14, zile ndogo kabisa 12. Ukikosea, kasi itakayosomwa itakuwa ya uongo na kichujio cha mitetemo cha Betaflight kitakata mahali pasipo na mtetemo.

Zungusha mota moja moja kwa asilimia 5. Ya 1 ni nyuma kulia, ya 2 mbele kulia, ya 3 nyuma kushoto, ya 4 mbele kushoto. Balbu kuwa na wekundu hafifu ni kawaida. Ikiwaka nyeupe, simamisha na usome jina upya. Bandika kipande cha selotepu kwenye mota uone inakoelekea, ulinganishe na karatasi. Asilimia ya makosa ya mawasiliano ambayo Betaflight huonyesha kwa kila mota iwe sifuri au chini ya 1.

Toa balbu, rudisha kirusha picha na antena yake, funga mapanga. Ielee usawa wa kiuno kwa sekunde 30, itue, chomoa betri, kisha gusa kila mota na ubao wa ESC. Mahali ambapo kidole hakivumilii kukaa sekunde 3, usiruke tena mpaka ujue sababu.