Majina Kwanza, Gundi Baadaye: Namna ya Kutengeneza Kitabu cha Kumbukumbu za Familia

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Unguja na Mombasa, picha za familia hukaa ndani ya mkebe wa biskuti au bahasha ya kaki iliyowekwa chini ya nguo kabatini. Hutolewa siku ya msiba au siku anapofika mgeni wa mbali, hupita mkono kwa mkono, kisha hurudishwa palepale. Picha hizo zina maadui watatu wanaojulikana, yaani unyevu, mwanga na wadudu, lakini adui wa nne ndiye anayemaliza kazi, naye ni kusahaulika kwa majina. Picha iliyofifia inaweza kunakiliwa na kurekebishwa. Picha ya mtu ambaye hakuna aliye hai anayemjua haina fundi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kuuliza, na mkasi utakuja baadaye.

Kukaa na wazee

Nilipoianza kazi hii nilikosea mpangilio. Nilinunua albamu yenye kurasa za kunata, nikabandika picha za bibi yangu jioni moja, nikafurahi kuona zilivyokaa sawasawa, ndipo nikampelekea anitajie waliomo. Alifungua kurasa mbili tatu akasema, "Mjukuu wangu, umeziba migongo ya picha. Majina yote babu yako aliyaandika nyuma." Kuzibandua kulituchukua siku tatu, na mbili zilichanika.

Basi kabla ya kununua chochote, panga siku ya kukaa na mkubwa wa familia mwenye kumbukumbu, asubuhi akiwa hajachoka. Tandika kitambaa safi juu ya mkeka au meza, nawa mikono na uikaushe vizuri, na chai ikae mbali na picha. Kila picha ipe namba kwenye kipande cha karatasi utakachoiweka nacho ndani ya bahasha, usiandike namba hiyo juu ya picha yenyewe. Omba ruhusa ya kurekodi sauti kwa simu, kwa maana mkono hauwezi kuandika kwa kasi ya mtu anayekumbuka, na zaidi ya hayo sauti yenyewe ni kumbukumbu ambayo siku moja mtaitafuta.

Swali la "huyu ni nani?" huleta jina tu, na wakati mwingine halileti kitu. Uliza siku hiyo walikuwa wanakwenda wapi, nani alishona gauni lile, nani alipaswa kuwamo pichani na hayumo. Katika picha moja ya harusi, uso wa mwanamke aliyesimama pembeni ulikuwa umefifia kabisa, na bibi alikwisha kutikisa kichwa. Kisha akaisogeza picha karibu na dirisha, akaona pindo la kanga, akasema bila kusita kuwa ni wifi yake mkubwa, kwa sababu doti ile waliinunua pamoja wakagawana kipande kimoja kimoja.

Unapoandika, usiishie kwenye "Bibi" au "Baba mdogo". Baada ya miaka thelathini hakuna atakayejua ni bibi wa nani. Andika jina kamili pamoja na la baba, jina la utani kama lilijulikana zaidi, uhusiano wake na mtu mmoja ambaye wote wanamjua, mahali na mwaka. Mwaka usipokumbukwa, picha yenyewe husaidia. Kingo nyeupe zilizochongwachongwa kama meno zilienea sana miaka ya 1940 na 1950. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu hujitambulisha zenyewe, kwa kuwa rangi zake hazikufifia kwa kiwango kimoja, ilhali nyeusi na nyeupe za zamani zaidi zimebaki imara kwa sababu sura yake imefanywa na madini ya fedha. Tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona ya picha za miaka ya 1990 isiaminiwe moja kwa moja, maana wengi hawakurekebisha saa ya kamera. Tazama pia mgongo wa picha, kwa kuwa studio nyingi zilipiga muhuri wake hapo. Picha yenye muhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, kwa mfano, haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1930, ambao Ranchhod Oza aliianzisha studio hiyo.

Kuna jambo la adabu ambalo halipaswi kurukwa. Katika mikebe yetu kuna picha zilizokatwa kwa mkasi ili kumwondoa mume wa kwanza au ndugu aliyekosana na wenzake, na kuna za akina mama waliopigwa bila mtandio wakiwa nyumbani, ambazo hazikukusudiwa kuonwa na kila mtu. Usimkate mtu yeyote kwenye picha, hata kama leo hasemwi. Za aina ya pili, uliza wenyewe au watoto wao kabla ya kuziweka ndani ya kitabu kitakachokaa sebuleni.

Nakala ndiyo inayobandikwa

Kanuni ninayoishikilia bila kulegeza ni kwamba picha halisi haiingii kwenye kitabu wala kwenye zawadi. Kinachoingia ni nakala. Kwa skana, nakili kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takriban pikseli 3,600 kwa 2,400, zinazotosha kuchapisha ukubwa mara mbili ya ule wa awali bila kuharibika. Picha ndogo ya pasipoti inahitaji nukta 1,200. Asiye na skana aweke picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, ashike simu sambamba na picha, na azime mwanga wa kamera. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza mengi.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu isivutwe hata kidogo. Inakiliwe hivyohivyo ikiwa ndani ya kioo. Iliyonasa kwenye kurasa za kunata huachiliwa kwa uzi mwembamba wa kusafishia meno, unaopitishwa nyuma yake kwa kwenda na kurudi polepole kama msumeno. Na tafadhali, usipeleke picha halisi kupigwa lamineshini. Najua wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini plastiki ile ya moto haitoki tena, na picha ikianza kuharibika ndani yake hakuna wa kuifikia.

Baada ya kunakili, andika majina nyuma ya picha ya zamani kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Karatasi za picha za miaka ya karibuni zina utando wa plastiki usioshika penseli, hivyo maelezo yake yaandikwe kwenye bahasha kabla ya picha kuingizwa. Kalamu ya wino huvuja na kuhamia kwenye picha ya jirani.

Kitabu chenyewe

Albamu za dukani zipo, lakini nyingi hutumia gundi na plastiki zinazogeuza picha njano. Kitabu cha kutengeneza kwa mkono hakina ugumu. Chukua karatasi 20 nene nyeupe za ukubwa wa A4, uzilaze kwa upana. Ukipenda za rangi, pitisha pamba yenye maji juu ya moja. Ikiacha rangi kwenye pamba, iache, maana katika hewa yetu yenye unyevu itahamia kwenye picha. Kata pia vipande vyembamba vya karatasi hiyohiyo, upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 21, uweke kimoja kati ya kila karatasi mbili upande wa mgongo. Vipande hivyo huonekana si kitu, ila bila hivyo kitabu kikijaa picha hutanuka mdomo na jalada halifungi.

Majalada ni kadibodi ngumu mbili, kila moja ikizidi karatasi kwa milimita 3 kwenye pande tatu za nje. Upande wa mgongo kata ukanda wa sentimita 2.5, kisha ukanda huo na kadibodi iliyobaki uviweke tena pamoja ukiacha nafasi ya milimita 5 kati yake. Hiyo ndiyo bawaba. Sasa kinakuja kitambaa, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo.

Kitabu cha bibi nilikivisha kanga yake. Kabla ya kuikata niliomba ruhusa, nikaipiga picha nzima ikiwa imetandazwa ili mji (yaani sehemu ya katikati), pindo na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake) vionekane, na kipande cha pili cha doti kikabaki salama. Kanga ni nyepesi na gundi hupenya ikaacha madoa, kwa hiyo paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kadibodi, nyembamba, kwa brashi, kamwe usiipake kwenye nguo. Piga pasi kanga kwanza, ilaze kuanzia katikati ukisukuma hewa kwa kiganja kuelekea ukingoni, kunja sentimita 2 ndani, ndipo uzibe upande wa ndani kwa karatasi nyeupe. Acha majalada chini ya vitabu vizito usiku kucha, la sivyo yatapinda. Jina la kanga mara nyingi ni refu kuliko jalada moja, nami nilikataa kulikata katikati ya neno. Ile ya bibi imeandikwa "Wema hauozi": neno la kwanza liko jalada la mbele, la pili liko nyuma, na kila anayesoma lazima akigeuze kitabu.

Toboa matundu matatu, sentimita 1.5 kutoka ukingo wa mgongo, kwenye sentimita 3, 10.5 na 18 za urefu wake. Msumari mwembamba na nyundo vinatosha, kisha pitisha shazia yenye uzi imara wa pamba. Funga fundo nje na si ndani, ili siku ya kuongeza kurasa ulifungue bila kukata.

Nakala za picha nazo zisipakwe gundi. Tengeneza kona za karatasi: kata kipande cha sentimita 2 kwa 4, kunja pembe mbili za juu zikutane katikati ya ukingo wa chini, utapata mfuko wa pembetatu. Ingiza kona za picha ndani yake, na gundi ipakwe nyuma ya mifuko tu. Wazee walitumia uji wa unga wa ngano, nao hushika vizuri, lakini mende huufuata. Selotepu na pini za stepla zisikaribie, kwani ya kwanza huacha gamu ya kahawia na za pili hushika kutu.

Kila ukurasa weka picha mbili, au moja, na nafasi ya maneno. Wengi hujaza maua ya kubandika na kumetameta hadi mtu haonekani, na mimi naona hiyo ni hasara. Weka vitu vilivyohusika na siku yenyewe: kadi ya mwaliko wa harusi, tiketi ya boti, nakala ya barua, dua iliyoandikwa kwa mkono wa babu. Kipande cha gazeti kinakiliwe, kwa kuwa karatasi ya gazeti ina asidi inayoichafua jirani yake.

Zawadi ndogo zinazotokana na kazi hiyohiyo

Kwa ndugu aliye Maskati au Toronto, kitabu cha mkunjo kinafaa kuliko chochote, kwa sababu kinaingia kwenye bahasha. Chukua ukanda wa manila wenye upana wa sentimita 17 na urefu wa sentimita 72, ukiunga vipande viwili kwa kupandanisha sentimita 2 ikiwa manila ni fupi. Ukunje mara kwa mara kila sentimita 12, mbele na nyuma kama pepeo la karatasi, utapata kurasa sita zinazopokea picha za sentimita 10 kwa 15. Nyuma ya kila ukurasa andika kisa chake kwa mwandiko wako.

Fremu ya ukili, yaani ukanda uliosukwa kwa majani ya mkindu, nayo hupendeza ukutani. Anika ukili juani kutwa nzima ili wadudu watoke, kisha ushone kwa shazia kuzunguka kadibodi yenye dirisha la sentimita 9.5 kwa 14.5. Watoto wafanyie kadi za jozi, nakala mbili mbili za sura za wazee zilizobandikwa kwenye kadibodi. Anayefunua jozi ataje jina la mtu huyo ndipo aichukue.

Kutunza

Picha za asili ziwekwe kila moja kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, ndani ya sanduku linalofunga, juu ya rafu isiyogusa ukuta wa nje wala sakafu, mbali na jiko. Vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vikusanywe na kuwekwa humo, na mara mbili kwa mwaka, hasa baada ya masika, sanduku lifunguliwe siku kavu likaguliwe.

Kitabu kitabaki na sura zisizotambuliwa. Kila moja niliipa ukurasa wake mwishoni, na chini ya picha nikapiga mistari mitatu mitupu. Kwenye fundo la mgongo nimefunga penseli kwa uzi mrefu, na hadi sasa mistari ya kurasa mbili imejazwa kwa miandiko ambayo si yangu.